Dobi wa Babati na mizani ya Alhamisi

Jua limeshapanda juu ya mabati ya stendi ya Babati, na Mektilda anapuliza mkaa ndani ya pasi. Amesimama wima mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mgongoni amembeba mwanawe Sylvesta, mtoto wa miezi miwili na nusu, kwa khanga iliyofungwa kwa kulegea. Mezani kuna shuka nyeupe ya gesti, na mpaka sasa shuka hiyo haina doa.

Mtoto anashikwa na kwikwi.

Mektilda anaiweka pasi juu ya tofali, anarudi nyuma, anageuza bega lielekee ukutani. Emerensiana, dobi mwenzake anayefua kwenye karai kando ya bomba, anaacha kusugua. Bibi Kandida, mama mkwe wa Mektilda, aliyeketi mkekani, anashika magoti yake tayari kunyanyuka.

Maziwa yanamtoka mtoto, yanateremka begani mwa mama yake na kuishia kwenye kitambaa. Shuka imepona.

"Hayo ni kidogo," anasema Emerensiana.

"Hayo ni mengi," anasema Bibi Kandida.

Mabishano hayo mafupi ndiyo yanayomkosesha Mektilda usingizi mwaka huu wa 1984, mwaka ambao Watanzania wengine wanakosa usingizi kwa sababu ya uhaba wa sukari na sabuni. Keshokutwa, Alhamisi, Sylvesta atapimwa uzito kliniki. Akionekana ameongezeka, ataachwa. Asipoongezeka, Ijumaa atapelekwa kwa mzee mmoja wa Nakwa akakatwe kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Hayo ndiyo makubaliano, na Mektilda ameyakubali kwa mdomo wake.

Mwandishi wa makala haya hakuja Babati kwa ajili ya mtoto. Alikuja kuandika habari za mavuno ya dengu, basi likavunjika springi, na springi ikaagizwa Arusha, ambako nako hazipo. Usiku wa kwanza foronya yake ilinuka maziwa yaliyochacha. Asubuhi akatoka kwenda uani kulalamika kama mteja mwenye haki zake, akawakuta wanawake watatu wamemwinamia mtoto anayetapika. Akabaki ameishika foronya mkononi.

"Samahani sana, baba," Mektilda alimwambia. "Foronya hiyo niliiosha kwa majivu tu. Magadi yalikuwa yamekwisha."

Mektilda ana umri wa miaka ishirini na minne. Alizaliwa nyanda za juu za Mbulu, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na maharage, na kuletwa Bagara, hapa hapa Babati, na mumewe Pantaleo, turniboi wa lori la mizigo. Kazi ya kufua kwenye gesti hii ya jirani na stendi aliipata baada ya kuolewa. Mshahara wake ni shilingi mia tano kwa mwezi. Kipande kimoja cha sabuni, ukikipata kwa mlanguzi, hakipungui hamsini, na mlanguzi mwenyewe siku hizi anauza huku anatazama nyuma.

Kwa hiyo mashuka ya gesti yanafuliwa kwa magadi yanayoletwa na wafugaji kutoka upande wa Hanang, yakichanganywa na maji ya majivu yaliyochujwa. Mashuka yanatakata. Mikono ndiyo isiyopona. Vidole vya Mektilda vimepasuka kwenye kila kiungo, na anapomfunga mtoto mgongoni hujitahidi asimguse shavuni.

"Watu wanalia sabuni ya kuogea," anasema akicheka kwa uchovu. "Mimi nina mtoto anayechafua nguo mara kumi kwa siku, na khanga ninazo mbili. Moja naivaa, nyingine inakauka. Ikinyesha mvua, nakaa ndani."

Sylvesta alizaliwa mzima. Kucheua kulianza wiki chache baadaye, wakati Mektilda aliporudi kazini, maana nafasi ya kazi haikai wazi mjini hapa. Kila asubuhi alikuwa akifanya lile ambalo mama yeyote mwenye kazi ya kuinama angelifanya. Alimnyonyesha mtoto mpaka ashibe kabisa, ili asimsumbue, kisha akamkaza mgongoni kwa mbeleko mpaka asisogee, kisha akainama kwenye karai.

Mtoto akatapika. Mektilda akaona tumbo limebaki tupu, akamnyonyesha tena. Akamkaza tena. Akainama tena.

"Nilikuwa namjaza kama debe, halafu namkamua," anasema sasa. "Lakini nani angeniambia? Wote tumelelewa mgongoni. Mama yangu alilima na mimi mgongoni, na sikufa."

Usiku Sylvesta alijikunja na kulia mpaka majirani wakagonga ukuta. Mashavu yakaanza kulegea. Ndipo habari zikapanda mpaka Mbulu, na Bibi Kandida akateremka na kuku mmoja, kibuyu cha samli na uamuzi wake.

"Ni kimeo," alisema siku ile ile, baada ya kumtazama mtoto kinywani. "Kimerefuka. Maziwa yakipita yanakigusa, yanarudi."

Wala si Bibi Kandida peke yake anayesema hivyo. Mwandishi aliwauliza wanawake waliokuwa kwenye foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kati yao hakuwapo hata mmoja asiyejua mtoto aliyekatwa kimeo kwa sababu ya kutapika au kukohoa. Wengine walimwonyesha njia ya kwenda Nakwa bila kuulizwa. Ni msaada, wanasema. Yule mzee hadai kitu kikubwa, na mkono wake mwepesi.

Kliniki wanasema vingine. Nesi Leonia, anayepima watoto Alhamisi, ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na hukasirika kwa upole, jambo linalotisha kuliko makelele.

"Kimeo cha yule mtoto nimekiona. Ni kimeo kama chako na changu," anamwambia mwandishi. "Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga bado haujakaza. Ukimjaza, ukambana, ukamwinamisha, maziwa yanarudi. Wengi wanacheua hivyo na wanaacha wenyewe wakishajua kukaa. Lakini nimeletewa hapa watoto waliokatwa, damu haikatiki. Wengine wamepata pepopunda. Sitaki kuletewa huyu."

Alimwagiza Mektilda amnyonyeshe mtoto kidogo kidogo, mara nyingi. Akishamaliza, amsimamishe kifuani mpaka abeue, na aendelee kumshika wima kwa muda wa nusu saa. Asimkaze tumbo, asimwinamishe. Samli asipewe, wala uji. Na alimtajia mambo ambayo akiyaona asisubiri Alhamisi wala siku yoyote, amkimbize hospitali: maziwa yakiruka mbali kwa nguvu kila anaponyonya, matapishi yakiwa ya kijani au yenye damu, mtoto akikataa ziwa, akilegea, au mkojo ukipungua.

Tatizo lilikuwa mizani. Siku alipotoa maagizo hayo, sindano ilisimama kwenye kilo nne na nusu, pale pale iliposimama safari iliyotangulia. Nesi Leonia akasema atampima tena baada ya wiki mbili, na asipoongezeka ataandika barua wapelekwe kwa daktari.

Mektilda alirudi Bagara na maneno hayo yote, akayafikisha kwa mama mkwe kwa adabu, akiwa amepiga magoti. Bibi Kandida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wiki mbili," alisema. "Unajua mtoto anaweza kufa kwa muda gani?"

Mektilda hakujua kwamba lile halikuwa swali la kumtisha.

Bibi Kandida ana miaka kama sitini. Amezaa watoto saba, wamebaki sita. Wa pili aliitwa Marseli. Alitapika toka mwezi wake wa kwanza, na mume wa Bibi Kandida, aliyekuwa mtu wa kanisa, akakataa akatwe kimeo mpaka padri arudi safari.

"Padri alirudi," anasema bibi huyu, macho yake yakiwa kwenye karai la Emerensiana. "Akamzika. Watu wakaniambia, ungemkata mapema, angepona. Mpaka leo wananiambia. Nilichelewa mara moja, mwanangu. Sitaki kuchelewa tena."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uani hapa wazazi wako wawili, kila mmoja ana uchungu wake. Mwandishi, ambaye alikuja na dengu kichwani, alijikuta hajui amwonee huruma nani.

Pantaleo hayupo. Lori lake limelala Singida kwa kukosa mpira. Alipelekewa habari kwa turniboi mwenzake, na jibu lake likarudi kwa njia hiyo hiyo: mama yupo, mfuateni yeye. Kwa hiyo Mektilda hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Alichoweza kuomba ni muda, na Bibi Kandida, kesho yake, akampa mpaka siku ya mizani. Akaongeza sharti lake mwenyewe. Kama mtoto lazima ashikwe wima, atamshika yeye, siyo mtu mwingine, ili isije ikasemwa baadaye kuwa hakushikwa vizuri.

Tangu hapo bibi anakuja naye kazini kila siku. Mektilda akinyonyesha, mtoto anahamia bega la bibi. Bibi hasogei. Nzi akimtua puani, anampulizia tu.

Emerensiana naye alitoa mchango ambao kwa madobi si mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji pasi, kazi ya heshima, ya kusimama, isiyolowesha mtu. Alimkabidhi Mektilda pasi, akainama yeye kwenye magadi. "Nina magoti mabovu, lakini sina mtoto mgongoni," alisema, na kwake maelezo yakaishia hapo.

Melkiori, mwenye gesti, hakupenda. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye mashuka kumi na manane ambayo hayana mengine nyuma yake, kwa sababu hata ukiwa na fedha mkononi, duka la ushirika lina viberiti na majembe tu. "Pasi ina mwenyewe," alimwonya Mektilda. "Ukiunguza shuka moja, umeunguza kitanda."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, springi haijafika, na mwandishi alikuwa amekabidhiwa ndoo za kujaza pipa. Ndivyo alivyokuwepo uani mchana ule mlango wa nyuma ulipofunguliwa na mzee mmoja akaingia. Alikuwa mrefu, mwenye koti safi na kifurushi kidogo cha ngozi kwapani. Aliomba jina lake lisiandikwe gazetini.

Bibi Kandida alimtambua: ndiye yule mzee wa Nakwa. Alikuwa ameketi mkekani na Sylvesta begani.

"Shikamoo, mzee," alisema Emerensiana, akinyanyuka kutoka kwenye karai.

"Marahaba. Nimepita," mzee alisema. "Kesho naondoka kwenda mnadani Katesh, na huko nitakaa. Ijumaa hamtanipata. Kama kazi ipo, tuimalize sasa. Ni jambo la kufumba na kufumbua."

Mektilda aliiacha pasi, akavuka uani, na kabla hajafika kwenye mkeka mzee alikuwa ameshachuchumaa na kufungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa chuma chembamba kilichopinda nchani.

Mkwe hampazii sauti mama mkwe. Hilo Mektilda hafundishwi na mtu. Hakumnyang'anya mtoto, hakumsukuma mzee. Alipiga magoti kwenye udongo uliolowa magadi, akaweka mikono yake iliyopasuka juu ya miguu ya Bibi Kandida.

"Mama," alisema. "Tulisema Alhamisi. Leo ni Jumatano."

Bibi alikuwa anakitazama kile chuma.

"Mama, nimekutii yote. Tulisema Alhamisi."

"Kimeo hakijui Alhamisi," mzee alisema kwa upole. Alinyoosha mkono kumpokea mtoto.

Mkono wa Bibi Kandida ulikuwa nyuma ya kichwa cha Sylvesta. Mwandishi aliuona ukikaza, ukilegea. Mtoto alichagua wakati huo kubeua, beuo kubwa la mtu mzima, lisilofuatwa na tone la maziwa. Kisha akaegemeza shavu shingoni mwa bibi yake.

"Ametulia," Bibi Kandida alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Leo ametulia toka asubuhi." Akamtazama mzee. "Nenda mnadani, kaka. Ukirudi, utanikuta hapa hapa."

"Akizidiwa?"

"Akizidiwa nitajilaumu mimi. Nimeshazoea."

Ndipo harufu ikawafikia wote kwa pamoja. Emerensiana alipiga yowe. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya shuka, na moshi unapanda.

Melkiori alitoka ofisini kwake, akaliona tundu la kahawia lenye umbo la pasi, akashika kiuno. Mektilda alikuwa bado chini. Hakujitetea. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya shuka au ya mtoto, pengine hata yeye mwenyewe.

"Nilisema," Melkiori alianza. Akamwona yule mzee anakunja kifurushi chake. Akamwona bibi. Maneno yake yakabadilika njiani. "Nilisema pasi ina mwenyewe. Emerensiana! Hii itatoa foronya ngapi?"

"Tatu, tukikata vizuri."

"Kata. Na hicho kipande kilichoungua mpeni huyo mtoto atapikie. Kwangu hakina kazi."

Jioni hiyo Mektilda alikuwa na vitambaa vipya vinne vya kipande hicho, vyenye pindo la kahawia. Hakula. Alimwambia mwandishi kwamba sasa anaogopa zaidi kuliko jana, kwa sababu jana mama mkwe alikuwa na neno lake na yeye alikuwa na lake, lakini sasa wote wawili wameegemea upande mmoja, na upande huo ukivunjika, Bibi Kandida hatamsamehe maishani.

Asubuhi ya Alhamisi walikwenda kliniki wote watatu. Bibi Kandida hakuwahi kukanyaga mahali pale. Alivaa kitambaa cha kichwa cha kanisani na kumbeba mtoto mwenyewe toka Bagara, wima, akiwapita watu bila kusalimia, jambo ambalo si kawaida yake.

Mizani ya kliniki ni duara la chuma lenye sindano, limening'inizwa kwenye boriti ya kibaraza. Chini yake kuna kijisuruali cha turubai ambamo mtoto hutumbukizwa miguu. Foleni ilisogea polepole. Kila mtoto alipowekwa, alilia, na kila alipolia, Mektilda alifumba macho.

Ilipofika zamu yao, Nesi Leonia alimpokea Sylvesta.

"Mvue," alisema Bibi Kandida.

"Nguo hii ni nyepesi, mama."

"Mvue yote. Sitaki mizani inidanganye kwa kitambaa."

Akavuliwa yote. Akatumbukizwa kijisuruali. Akapiga mateke, sindano ikawa inaruka huku na huku, na Nesi Leonia akasubiri. Mektilda alikuwa amegeukia ukuta. Bibi alikuwa amesimama chini kabisa ya lile duara, shingo ameinyoosha juu. Hajui kusoma.

"Imesimama," nesi alisema.

"Safari ile ilisimama wapi?"

Nesi alimwonyesha kwa kalamu.

"Na sasa?"

Kalamu ikahama. Haikuhama sana, upana wa kidole hivi. Kilo tano kasoro kidogo.

Bibi Kandida alinyanyua kidole chake mwenyewe, akakiweka pale kalamu ilipokuwa kwanza, akakisogeza taratibu mpaka pale sindano ilipo. Akarudia.

"Mpime tena," alisema.

Nesi Leonia, ambaye nyuma yake kulikuwa na akina mama thelathini na jua kali, alimtoa mtoto, akasubiri sindano irudi chini, akamweka tena. Ikasimama pale pale. Na Sylvesta, aliyekwishachoka na mambo haya, akacheua juu ya kijisuruali cha serikali.

"Bado anacheua," bibi alisema.

"Ataendelea kucheua, mama. Mpaka akae mwenyewe, na pengine mpaka atembee. Lakini anakua. Anayecheua na anakua, tunamfuta mdomo tu."

Bibi Kandida alimchukua mjukuu wake, akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo ingawa hakuwa amenyonya. Mektilda aligeuka kutoka ukutani. Hawakukumbatiana, si desturi yao. Walisimama karibu, wakimfunga mtoto nguo, mikono minne kwenye vifungo viwili.

Njiani kurudi ndipo bibi alipozungumza, tena akiwa anatazama mbele.

"Marseli hakuna aliyempima," alisema. "Pengine hakikuwa kimeo. Pengine ilikuwa kitu kingine kabisa. Watu wameniambia miaka yote hii, na walikuwa hawajui."

Mektilda alimshika mkono, na bibi akamwacha aushike.

Springi ya basi ilifika Jumamosi. Mwandishi alipokwenda uani kuaga, pasi ilikuwa inawaka, Emerensiana anasugua, na foronya tatu mpya ziko kambani. Mektilda alisema mipango yake si mikubwa. Pantaleo akirudi, ataomba wapate khanga ya tatu kwa njia yoyote. Sylvesta akishajua kukaa, atamrudishia Emerensiana pasi yake, maana magoti ya mwenzake yanazidi kuuma na hilo deni linamsumbua kuliko shuka iliyoungua. Na Alhamisi ya kliniki ijayo ataomba ruhusa mapema.

Mwandishi alimwuliza itakuwaje yule mzee akirudi kutoka mnadani na Pantaleo bado yuko Singida. Mektilda aliinamisha macho, kama mkwe anavyotakiwa kufanya mbele ya mama mkwe.

Aliyejibu alikuwa Bibi Kandida, kutoka mkekani, mtoto begani na kitambaa chenye pindo la kahawia chini ya kidevu chake.

"Nilimwambia atanikuta," alisema. "Aje. Atanikuta nimembeba, na mimi nikimbeba mtoto, hakuna wa kumfungua kinywa."